Mkristo na asiyeamini Mungu wajadiliane vipi: jukwaani, faraghani, kwa maandishi au kwa mahubiri?

Anayeuliza swali hili huwa ana mtu fulani kichwani. Pengine ni mdogo wake aliyeacha kwenda kanisani alipoingia chuo kikuu. Pengine ni mama mkwe anayetaka kumwombea kila akienda kumsalimia, au mwenzake wa kazini ambaye kila wakati wa chai anataka aelezwe Kaini alimpata wapi mke. Anayeamini na asiyeamini wote wanataka jambo lizungumzwe, ila hawajui walianzie wapi.

Mimi ni Mkristo, na ningefurahi kila mtu amjue Kristo. Lakini haya nayaandika kwa ajili ya pande zote mbili, kwa sababu asiyeamini naye ana uamuzi wa kufanya: akubali mwaliko wa mdahalo, akae na baba yake wazungumze, aandike barua, au ayaache mahubiri yampite?

Nalinganisha njia nne: mdahalo wa hadhara, mazungumzo ya watu wawili, kuandikiana, na uinjilisti wa moja kwa moja. Zote nimezipima kwa maswali matano. Nani hasa anafaidika? Hoja inaweza kuhakikiwa papo hapo au baadaye? Kesho yake uhusiano unabakije? Mtu anaweza kubadili mawazo bila kuaibika? Na kila upande unalipa gharama gani?

Hilo la gharama nimeliweka kwa makusudi, maana kwetu mizani hailingani. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 755,750 waliojitaja kuwa hawana dini au hawaamini Mungu, yaani kama asilimia 1.6 ya wananchi wote. Tanzania haijauliza dini kwenye sensa tangu 1967, lakini yeyote anayeishi huku anajua kwamba asiyeamini ni mmoja kati ya wengi. Katiba ya Kenya, ibara ya 32, na ya Tanzania, ibara ya 19, zinamlinda. Katiba lakini haikai naye mezani nyumbani kwao siku ya Krismasi.

Mdahalo wa hadhara

Afrika Mashariki mdahalo wa dini si jambo geni. Mihadhara ya wahubiri wa Kiislamu na wa Kikristo, mmoja akisoma aya na mwingine akiifafanua kwenye kipaza sauti, imejaza viwanja vyetu kwa miongo mingi. Wengi tumejifunzia hapo namna ya kubishana. Ila Mkristo akikutana na asiyeamini, mazoea hayo hayamsaidii sana, kwa kuwa hakuna kitabu ambacho mwenzake anakipa mamlaka yoyote. Ukimsomea Warumi, atakuuliza kwa nini aiamini Warumi. Inabidi uanzie mbali zaidi: ulimwengu ulitokana na nini, mema na mabaya yanatoka wapi, ushahidi wa kufufuka kwa Yesu una uzito gani.

Anayefaidika na mdahalo ni msikilizaji. Mwanafalsafa Mkristo William Lane Craig na mwandishi asiyeamini Mungu, Christopher Hitchens, waliposimama jukwaani katika Chuo Kikuu cha Biola, California, Aprili 2009, kila mmoja alikuwa akisema na watu waliokaa mbele yake, si kumwongoa mwenzake. Na faida hiyo si ndogo. Kijana aliyekuzwa akiambiwa kwamba wasioamini ni watu wasio na maadili anamsikia mmoja wao akijieleza mwenyewe. Mwanafunzi aliyedhani Wakristo hawana la kusema zaidi ya "amini tu" naye anasikia hoja ikijengwa hatua kwa hatua.

Kwenye uhakiki mdahalo ni dhaifu sana. Chukua mpangilio uliozoeleka: dakika 20 za kufungua, 12 za kujibu, kisha 8, kisha 5. Msemaji akimwaga madai kumi katika zile 20, mwenzake hana muda wa kuyafikia yote kwa 12, maana dai linalotamkwa kwa nusu dakika huweza kuhitaji dakika tano kulichambua. Analoliacha linahesabiwa kuwa limemshinda. Ndiyo maana mwenye ulimi mwepesi hushinda hata pale hoja zake zinapopwaya, na jambo hili linaziumiza pande zote mbili.

Kuna mfano mzuri wa kuepuka hilo. Mwaka 1948 BBC ilitangaza mjadala wa redio kati ya padri Mjesuti, Frederick Copleston, na mwanafalsafa Bertrand Russell. Kabla ya lolote, Copleston alieleza anachomaanisha akisema "Mungu": nafsi iliyo kuu kuliko zote, iliyo tofauti na ulimwengu na iliyouumba. Akamuuliza mwenzake kama anaikubali maana hiyo. Russell akaikubali. Padri akauliza tena: je, unasema inaweza kuthibitishwa kwamba Mungu hayupo? Russell akajibu hapana, msimamo wake ni wa mtu asiyejua. Katika dakika chache hizo msikilizaji alikwisha kujua wanakubaliana wapi na wanaachana wapi. Mwandaaji wa mdahalo na asikilize mwanzo ule kabla hajakodi ukumbi.

Wasemaji wasiojuana, uhusiano wao hauna cha kuharibika. Ndugu wa familia moja ni hadithi nyingine. Christopher Hitchens na mdogo wake Peter, ambaye ni Mkristo, walikabiliana jukwaani Grand Rapids, Michigan, Aprili 2008, lakini wale walikuwa waandishi waliozoea malumbano kwa kazi yao. Kaka yako hajazoea.

Kubadili mawazo mbele ya watu ni kugumu kuliko yote. Februari 2014, kwenye Jumba la Makumbusho ya Uumbaji huko Kentucky, Ken Ham, mwanzilishi wa jumba hilo, na Bill Nye, mtangazaji wa vipindi vya sayansi, walijadiliana kuhusu uumbaji na sayansi, wakaulizwa ni kitu gani kingewabadilisha mawazo. Nye alijibu kwamba ni ushahidi. Ham alijibu kwamba yeye ni Mkristo, na hakuna atakayemshawishi kwamba neno la Mungu si kweli. Nadhani wote wawili walisema kweli, na swali lile lilifundisha kuliko sehemu kubwa ya hotuba zao. Lingeulizwa mwanzoni.

Gharama inamwelemea zaidi asiyeamini. Anasimama kwa jina lake, na kabla ya jioni mwenye nyumba, mwajiri na shangazi wana video yake kwenye simu. Pande zote zikumbuke pia kwamba sheria za kanuni ya adhabu, kifungu cha 129 Tanzania na cha 138 Kenya, zinakataza kutamka maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za kidini. Kubishana kwa hoja si kosa. Kejeli iliyokusudiwa kuumiza inaweza kuwa kosa.

Mdahalo unawafaa wanafunzi wa vyuo, makanisa yanayotaka vijana wasikie hoja za upande wa pili kwa uaminifu, na wasemaji waliojiandaa. Haumfai mwenye mtu mmoja kichwani.

Mazungumzo ya watu wawili

Hapa anayefaidika ni yule aliye mbele yako, na wewe pia.

Usiku wa tarehe 19 Septemba 1931, mwandishi C. S. Lewis alitembea na marafiki zake wawili Wakristo, J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson, kwenye njia ya miguu ya Chuo cha Magdalen, Oxford. Lewis aliwahi kuwa mtu asiyeamini kabisa. Kufikia usiku huo alishakubali kwamba Mungu yupo, ila habari ya Kristo ilikuwa haijamwingia. Walizungumza hadi saa tisa usiku, Tolkien akaenda kulala, Dyson akaendelea. Siku chache baadaye, akiwa amepakiwa kwenye kigari cha pembeni cha pikipiki ya kaka yake wakielekea bustani ya wanyama ya Whipsnade, Lewis alijikuta amekwisha kuamini. Wengi hupenda kusimulia usiku huo. Mimi hukumbusha kwamba Lewis na Tolkien walifahamiana tangu 1926. Mazungumzo yale yalibebwa na miaka mitano ya urafiki.

Uhakiki wake ni wa wastani. Unaweza kumkatiza mwenzako kwa adabu: "Samahani, hapo sijakuelewa, rudia." Unaweza kutoa simu mkaangalia pamoja. Lakini hakuna kumbukumbu, na baada ya wiki kila mmoja anakumbuka alivyojibu vizuri.

Uhusiano unaweza kuimarika au kuvunjika papo hapo, na kwetu kinachoamua mara nyingi ni umri na mamlaka. Baba anayemlipia mwanawe ada akimwita sebuleni "tuzungumze kidogo kuhusu imani yako", je, kijana ana uhuru wa kusema anachofikiri? Atasema "ndiyo, baba", na baba ataondoka akidhani mambo yamekwisha. Anayetaka kusikia ukweli kutoka kwa mdogo wake au mwanawe aanze kwa kumhakikishia kwamba ada, chumba na nafasi yake mezani haviguswi. Kikao cha ukoo chenye wajomba, mchungaji na mzee wa kanisa si mazungumzo. Ni mahakama, na mshtakiwa atajitetea au atanyamaza. Hila ndogo nazo ziachwe. Ukijua binamu yako haamini, usimwite mbele ya wageni aongoze sala ya chakula ili umnase. Naye asiyeamini anaweza kukaa kimya dakika moja wenzake wakisali, bila kuguna wala kufungua simu.

Nafasi ya kubadilika ni kubwa, kwa sababu hakuna anayetazama. Mtu anaweza kukwambia "hapo umenipa la kufikiri" bila kupoteza chochote. Swali ninalolipenda, linalouma pande zote sawasawa, ni hili: ni jambo gani moja ambalo, likithibitika si kweli, ungeacha kuamini unavyoamini sasa? Lijibu wewe kwanza.

Gharama ni muda na uvumilivu, na kwa Mkristo kuna gharama nyingine ambayo hatuisemi sana: inabidi ukubali kwamba mwenzako anaweza kukushawishi wewe. Kama hilo haliwezekani kabisa, mwambie mapema, asidhani mnatafuta pamoja.

Njia hii inamfaa mwenye ndugu, mchumba, rafiki au jirani, na ambaye hana haraka.

Kuandikiana

Maandishi huifaidi hoja yenyewe. Mwaka 2007 jarida la Kikristo la Marekani, Christianity Today, lilichapisha barua kati ya Christopher Hitchens na mchungaji Douglas Wilson juu ya swali moja: je, Ukristo ni mwema kwa dunia? Swali moja, zamu kwa zamu, na msomaji anaweza kurudi nyuma kuona nani amekwepa nini.

Kwenye uhakiki hakuna njia inayoifikia hii. Lewis huyohuyo, akiwa sasa Mkristo na rais wa Klabu ya Sokrates ya Oxford, ambako waumini na wasioamini walikuwa wakipambanisha hoja, alipingwa mwaka 1948 na mwanafalsafa Elizabeth Anscombe, Mkatoliki, kuhusu sura moja ya kitabu chake juu ya miujiza. Jioni ile ya ukumbini haikutosha kulimaliza jambo. Sura hiyo aliiandika upya katika toleo la 1960. Kuna hoja zinazohitaji miaka, na karatasi huziwekea mahali pa kungojea.

Kalamu hutumika pande zote. Dan Barker, aliyekuwa mhubiri Marekani, aliwaandikia ndugu, marafiki na wahubiri wenzake barua mwanzoni mwa 1984 kuwaeleza kwamba ameacha imani. Barua iliwapa muda wa kulia au kukasirika wakiwa peke yao kabla ya kumjibu, na yeye ilimpa nafasi ya kumaliza maelezo yake bila kukatizwa.

Kwetu leo barua ni WhatsApp, na hapo pana mtego. Dada mmoja ninayemfahamu, mwimbaji wa kwaya Morogoro, alikuwa akimtumia mdogo wake sauti za dakika saba saba usiku. Mdogo wake akamjibu: "Dada, nakuheshimu, ila nijibu swali moja tu leo. Mengine kesho." Wakakubaliana hivyo: swali moja kwa siku, kwa maandishi, na Jumapili hakuna mjadala. Bado wanaandikiana, na kila mmoja ameniambia kwamba sasa anamwelewa mwenzake, ingawa hakuna aliyehama.

Uhusiano huharibika pale maandishi yanapotoka kwa watu wawili na kuingia kikundi cha familia, au mtu anapopiga picha ya skrini na kuisambaza. Andiko halina sauti. Sentensi uliyoiandika ukitabasamu inasomwa kama tusi. Kubadili mawazo kunawezekana, ila taratibu, na mara nyingi mtu hubadilika kimya kimya miezi kadhaa baada ya kusoma. Gharama ya fedha haipo. Gharama ya faragha ipo, kwa kuwa kilichoandikwa kinaweza kubaki kwenye simu ya mwenzako.

Inamfaa mtu aliye mbali, mpole anayezidiwa maneno ana kwa ana, kijana anayeogopa kumkatiza mkubwa wake, na yeyote ambaye swali lake ni la hoja kweli: tarehe za Injili, tatizo la uovu, mageuko ya viumbe.

Uinjilisti wa moja kwa moja

Ni yule mhubiri anayepanda basi la mkoani kabla halijaondoka stendi, au wanaotembea nyumba kwa nyumba, au mfanyakazi mwenzako anayekupa Biblia. Wasioamini nao wana yao: Januari 2009 mabasi ya London yalizunguka na tangazo lililosema kwamba huenda Mungu hayupo, hivyo watu waache wasiwasi na wafurahie maisha.

Anayefaidika ni mgeni ambaye pengine hutamwona tena. Nia ni kutangaza habari, si kushindanisha hoja, kwa hiyo uhakiki karibu haupo. Ushuhuda wa "nilikuwa mlevi, Yesu akanitoa" hauwezi kupingwa na aliyeusikia, na pia haumlazimu akubali. Upimwe hivyo.

Wengi hudhani wasioamini wote huchukizwa na njia hii. Penn Jillette, mwanamazingaombwe wa Marekani asiyeamini Mungu, alisimulia mwaka 2008 jinsi mtu mmoja alivyomfuata baada ya onyesho akampa Biblia kwa upole, akimtazama machoni. Hakuamini, na bado haamini, lakini alimsifu. Akauliza: unapaswa kumchukia mtu kiasi gani ili uamini uzima wa milele upo na usimwambie? Swali hilo Mkristo mnyamavu alale nalo. Lakini aone pia kilichomgusa Jillette: yule mtu alikuwa mkarimu, hakubishana, hakumtisha. Waraka wa kwanza wa Petro, 3:15, unataka tuwajibu wanaouliza "kwa upole na kwa hofu". Abiria aliyefungiwa ndani ya basi huku akipigiwa kelele za jehanamu hakuuliza, na hana pa kwenda.

Uhusiano hauguswi mkikutana mara moja. Uinjilisti ukirudiwa kila siku kwa mtu mmoja unakuwa usumbufu, na kazini unaweza kuwa kosa la nidhamu. Kubadilika hutokea, hasa kwa mtu aliye kwenye shida. Mwaka 2021 katibu wa chama cha wasioamini Mungu nchini Kenya alijiuzulu akisema amempata Yesu Kristo, baada ya kupitia magumu maishani. Chama kikatangaza habari hiyo na kumtakia heri. Ustaarabu huohuo sisi Wakristo tunaudaiwa kwa anayeondoka kwetu.

Inamfaa mwenye moyo wa kushuhudia kwa wageni, ambaye yuko tayari kusikia "hapana, asante" mara ya kwanza na kuishia hapo.

Kulingana na hali yako

Mtoto au mdogo wako akikwambia haamini tena, anza na mazungumzo ya faragha. Mwezi wa kwanza uliza maswali tu, na umhakikishie kwamba bado ni wako. Hoja ngumu zihamishieni kwenye maandishi.

Ikiwa wewe ndiye usiyeamini na bado unakula na kulala kwa wazazi, huna deni la kujitangaza. Ukiamua kusema, barua fupi kwa mzazi mmoja mnayeelewana ni salama kuliko tangazo mezani. Mdahalo wa hadhara usubiri hadi ujitegemee.

Kwa wachumba, mmoja anaamini na mwingine haamini, jukwaa na mahubiri havihusiki kabisa. Zungumzeni, kisha mwandike mliyokubaliana: harusi itafungwa wapi, watoto watabatizwa au la, fungu la kumi litatoka mfuko gani.

Mkiwa wenzi wa kazi, toa mwaliko mmoja wa wazi, nje ya saa za kazi. Akikubali, nendeni mkale pamoja mzungumze. Akikataa, mwache.

Viongozi wa vijana au wa chama cha wanafunzi wanaotaka mdahalo wachague swali moja, siyo "Je, Mungu yupo?" pamoja na sayansi, maadili na historia ya ukoloni kwa jioni moja. Wapeni wasemaji muda sawa na msimamizi ambaye pande zote zimemkubali. Mwalikeni asiyeamini aliye tayari kuonekana, mkamuulize kabla kama anaruhusu kurekodiwa. Maswali ya hadhira yakusanywe kwa karatasi, kwa sababu kipaza sauti kikipita mkononi mwa watu, kila swali hugeuka mahubiri.

Na ukiwa umechoka kubishana na mtu uleule kwa hoja zilezile, ahirisheni kwa muda mliokubaliana, mwezi au miwili, mkiendelea kutembeleana. Anayetaka kurudi kwenye mada ndiye aseme kwanza.